Mabati Yaliyopokelewa Kabla ya Kufika

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani kwa sababu waliokula bado wanatembea, palikuwa na kijiji kikiitwa Itagwa, juu milimani kwenye migomba na chai, mahali ambapo mvua ikianza Novemba haikumbuki kuondoka mpaka Juni. Sogeeni mnisikilize vizuri, maana nikimaliza nitawauliza jambo, na jibu la kukwepa sitalipokea.

Wanawake wa Itagwa walikuwa wakizaa njiani. Zahanati ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mito miwili. Basi wakasema, tujenge yetu. Serikali ikasema, jengeni ukuta, sisi tutapaua. Wakajenga. Kila Jumatatu hakuna aliyekwenda shambani. Walifyatua tofali, wakachoma tofali, wakabeba mawe kichwani kutoka mtoni, wenye mimba wakibeba, vikongwe wakibeba. Mwaka wa kwanza ukuta ukafika madirishani. Mwaka wa pili ukafika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Wakakaa kusubiri serikali ipaue. Mwaka wa tatu mvua ikanyesha ndani. Mwaka wa nne mvua ikanyesha ndani, majani yakaota katika chumba cha kujifungulia, na mbuzi wakazoea kuingia humo kula.

Katika kijiji hicho alikuwako mjane mmoja, jina lake Subilaga, ila watu walimwita Mama Lugano kwa jina la binti yake. Alikuwa mzee wa kanisa. Alisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ulisifiwa. Hakuwahi kula cha mtu. Ndiyo maana mkutano wa kijiji ulimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, yeye na wenzake wawili. Kazi ya kamati hiyo ni moja tu. Mali ya mradi ikifika, wanaikagua. Ikiwa sawa wanasaini, ikiwa mbovu wanaikataa, na bila saini yao mzabuni halipwi. Mbele ya serikali nzima, Itagwa haikuwa na nguvu nyingine ila hiyo, saini ya Mama Lugano.

Sasa sikieni yaliyofanyika mjini.

Halmashauri ilitangaza zabuni ya mabati. Bahasha zikaja tatu. Bahasha ya kwanza ilikuwa ya kampuni ya Bwana Ngolwe. Bahasha ya pili ilikuwa ya kampuni ya mke wa Bwana Ngolwe. Bahasha ya tatu ilikuwa ya kampuni ya mtu aliyelisha ng'ombe wa Bwana Ngolwe, na mtu huyo mwenyewe hakujua kwamba ana kampuni. Zikafunguliwa mbele ya mashahidi, zikasomwa kwa sauti, zikashindanishwa. Bwana Ngolwe akamshinda mkewe, akamshinda na mlisha ng'ombe wake, akapigiwa makofi. Na vipimo vya zabuni viliandikwa wapi? Ofisini kwa Bwana Ngolwe, na katibu wake ndiye aliyevichapa. Na madiwani? Fulana walizoombea kura zilitoka kwake. Na wale walio juu ya madiwani? Wakija wilayani walilala kwenye hoteli yake. Watu husema fulani anahonga ofisi. Huyu hakuwa na haja ya kuhonga. Ofisi ilikuwa yake, ila mishahara tuliilipa sisi.

Na karatasi zote zilikuwa safi.

Tarehe ishirini na nane Juni, Mama Lugano akiwa uani anapepeta maharage, pikipiki ya halmashauri ikasimama mlangoni. Alikuwa Deodati, afisa manunuzi, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata mfukoni.

"Hodi kwa mama mzee wa kanisa!"

"Karibu baba. Mabati yamefika?"

"Yako njiani, mama. Nimeleta fomu kwanza."

"Fomu ya nini?"

"Ya kuyapokea."

Mama Lugano akaweka ungo chini. "Nipokee kitu ambacho hakijafika? Baba, hata harusini hatupigi vigelegele bibi harusi akiwa bado anaoga kwao."

Deodati akacheka, akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa mara ya pili. "Nikuelezee, mama. Keshokutwa mwaka wa serikali unafungwa. Fedha ambayo haijalipwa inarudi hazina, na ikirudi, Itagwa msahau. Itapelekwa kwa wenzenu wanaosaini. Nyinyi mtabaki na ukuta wenu na mbuzi."

"Na nikisaini?"

"Mzabuni analipwa, wiki mbili mabati haya hapa. Kila halmashauri inafanya hivi, kila Juni. Wewe unafikiri madawati ya shule yenu yalipokelewaje?"

Mama Lugano akaisoma fomu. Ilisema: sisi tuliosaini hapa chini tumeyaona mabati, tumeyahesabu, tumeyapima, ni ya geji ishirini na nane, tumeridhika. Akaisoma tena. Akawaita wenzake wawili. Mmoja akasema, "Mimi namfuata mwenyekiti." Wa pili akasema, "Na mimi namfuata mwenyekiti." Mwenyekiti akatazama kilimani, akaona ukuta ule uliokaa miaka minne bila kofia, akasema, "Basi tuombe kwanza."

Mnasikia? Aliomba! Alifumba macho, akamwomba Mungu aibariki kazi ya mikono yao, wote wakaitika amina, Deodati akaitika kwa sauti kuliko wote. Kisha wakasaini kwamba wameona ambacho hawajaona. Wakapewa soda na posho ya kikao. "Ndaga fijo," wakasema, wakashukuru sana kwa lugha ya kwao.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Agosti ikiisha, lori likashusha mabati. Fundi wa kupaua alikuwa Ambakisye, mzaliwa wa hapo hapo, mtu aliyeezeka nusu ya nyumba za Itagwa. Alichukua bati moja, akalishika pembeni kwa vidole viwili, akalikunja kama mtu anayekunja barua.

"Mama Lugano, njoo uone. Hili si geji ishirini na nane. Hili ni thelathini na mbili."

"Thelathini na mbili si zaidi?"

"Kwenye bati, namba ikipanda unene unashuka, mama. Hili ni la kufunikia banda la kuku, tena kuku wasio na kelele."

Mama Lugano hakungoja hata kubadili khanga. Akashuka mjini, akamkuta Deodati mezani. "Baba, mabati si yenyewe. Yarudishwe."

Deodati akafungua kabati, akatoa fomu, akaigeuza imwelekee. "Mama, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Unasema umeyaona, umeyapima, umeridhika. Leo unasema si yenyewe. Polisi wakiniuliza nani kaidanganya serikali, niwajibu nini?"

Mama Lugano akaitazama saini yake. Akili yake ilimwambia, piga kelele hapa hapa, wakufunge leo ukiwa na haki. Miguu yake ikamrudisha nyumbani. Fundi alipomuuliza, "Mama, tufanyeje?" alijibu akitazama chini, "Piga tu, mwanangu. Mungu ataona." Akageuka upesi, maana neno lile lilimchoma mdomo.

Ambakisye akapiga. Mbao nazo zilikuja pungufu, akaziachanisha ili zitoshe. Siku ya uzinduzi, Mheshimiwa kutoka juu alikata utepe, Bwana Ngolwe akapewa cheti cha mzalendo wa maendeleo, na wanawake wa Itagwa wakapiga vigelegele mpaka wakakauka koo. Mama Lugano alipiga pia. Angefanyaje, nao walikuwa wakimtazama?

Ikafika Machi. Asubuhi moja Sekela, msichana mshona nguo wa pale njia panda, alijifungua mtoto wa kike. Uzazi wake wa kwanza. Muuguzi alisema mtoto mzima, sauti anayo. Saa tisa mchana upepo ukashuka mlimani na mvua ya mawe nyuma yake. Bati la kwanza liling'oka, la pili likalifuata, na yaliyobaki, ila ya chumba cha muuguzi, yakaondoka yote pamoja kama karata zinazomwagwa. Mvua ya mawe ikaingia juu ya vitanda. Sekela alimlalia mwanawe, akamkinga kwa mgongo wake. Muuguzi alimlalia Sekela. Walipowatoa, mama alikuwa na majeraha na mtoto alikuwa baridi. Wakakimbia naye kuelekea ng'ambo ya mito miwili, njia ile ile ya zamani, na mtoto hakuvuka mto wa kwanza.

Mama Lugano hakwenda msibani siku ya kwanza. Alikwenda kwa mchungaji.

"Baba mchungaji, Jumapili nataka kusimama mbele ya washirika niungame. Nilisaini uongo."

Mchungaji akafunga mlango. "Mama, Mungu ameshakusikia. Lakini tulia kidogo. Bwana Ngolwe ametuahidi mabati ya kanisa, nawe ukimtaja mbele ya watu..."

"Hayo mabati yako wapi?"

"Yako njiani."

Mama Lugano akainuka bila kuaga. Tangu siku ile, kila Meza ya Bwana ilipoandaliwa, alikaa benchi la nyuma kabisa na hakusogea.

Tume ikaja kuchunguza. Ilikuja kwa gari la kampuni ya Bwana Ngolwe, jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, wala hawakujali kulifunika. Wakapekua. Zabuni ilitangazwa? Ilitangazwa. Ilishindanishwa? Bahasha tatu. Malipo yalifuata utaratibu? Yalifuata. Vipimo vilithibitishwa? Vilithibitishwa na kamati ya kijiji, saini hii hapa. Karatasi zote zilikuwa safi. Na kabla hata ya kumaliza kuhoji, halmashauri ilikuwa imempa mtu zabuni ya dharura ya kuezeka upya, bila ushindani kwa sababu ya uharaka. Ilimpa nani? Msinifanye nilitaje jina hilo kwa hasira mbele ya watoto.

Siku ya mwisho, bwana wa tume alimwita Sekela katika chumba cha muuguzi, ndicho kilichobaki na paa. Akawaita na watu wanne: Bwana Ngolwe, Deodati, Ambakisye na Mama Lugano. Akaweka karatasi mezani.

"Binti, pole sana. Wewe ndiye mlalamikaji. Hapa kuna mstari wa jina la mtuhumiwa. Andika jina moja. Jalada moja, mtu mmoja. Ukichanganya majina, shauri linavurugika na linafutwa. Ukiacha wazi, tunafunga. Mimi nakwenda kunywa chai kwa mwenyekiti wa kijiji, nikirudi nikute umeandika."

Akatoka. Wakabaki watano. Mama Lugano alikaa karibu na mlango, mikono mapajani.

Bwana Ngolwe alianza, maana alizoea kuanza. "Binti, nikwambie ukweli, humu hamna wa kuandikwa. Fedha ile ilipotoka, kabla sijanunua hata msumari, kila meza ilikata fungu lake. Aliyepitisha alikata. Aliyempigia simu aliyepitisha alikata. Aliye juu ya mpiga simu naye alikata, na huyo siwezi kumtaja hata nikiwa usingizini. Iliyobaki ilitosha bati lile. Nisingeleta mimi, angeleta mwingine jepesi zaidi. Niandike ukitaka. Mwendesha mashtaka anakaa kwenye nyumba yangu. Na siku utakayoniandika, kazi ya paa jipya inasimama, wenzako wazae kwenye matope. Chagua."

"Umemaliza?" Sekela akauliza.

"Nimemaliza."

"Hebu sogea, unanizibia mwanga."

Mtu mkubwa yule akasogea.

Deodati akasema akiitazama meza. "Dada, mimi nilileta fomu, sikatai. Aliyekuwa afisa kabla yangu alikataa kuzipeleka. Alihamishwa mara tatu kwa mwaka mmoja, mwisho akaacha kazi, sasa anauza vocha stendi. Nina watoto wanne. Bati halikuniletea hata shilingi."

"Na hiyo pikipiki inakunywa maji?"

"Mafuta walikuwa wananiwekea."

"Walikuwekea mafuta ukaniletea msiba. Endelea."

"Sina zaidi. Nilijua ni vibaya. Kila Juni najua ni vibaya."

Ambakisye alikuwa akilia waziwazi, kofia mkononi. "Sekela, mdogo wangu, mimi ndiye niliyejua kuliko hawa wote. Wao waliona karatasi, mimi nilishika bati. Upepo wa hapa naujua tangu nikiwa mtoto. Nilisema mara moja, nikaambiwa piga, nikapiga. Nilijiambia nisipopiga mimi ataletwa fundi wa mjini asiyejua chochote, bora mimi nitaongeza misumari. Nikaongeza."

"Misumari yako ilishika mabati?"

"Haikushika."

"Ilishika nini?"

Ambakisye akaficha uso kwa kofia.

Ndipo Mama Lugano akapiga magoti, mwanamke wa miaka sitini na mbili mbele ya msichana wa ishirini na mmoja. "Mwanangu, niandike mimi. Hawa walikuwa na tamaa, walikuwa na hofu. Mimi sikuwa na tamaa wala hofu. Mlinichagua nisimame mlangoni, mkalala mkijua nipo. Ningesema hapana siku ile ya Juni, Ngolwe asingelipwa, bati lisingekuja, huyu asingepiga. Na nilipoligundua nikamwambia apige. Mara mbili, mwanangu. Na mara ya kwanza niliomba juu yake. Niandike. Nitakiri yote mahakamani, hawatahitaji hata shahidi."

Bwana Ngolwe akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri. "Mama wa Mungu huyu," akasema. "Ana moyo."

Sekela akamgeukia Mama Lugano, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikapanda. "Inuka! Inuka hapo, Mama Lugano, usinipunguzie hasira yangu kwa magoti yako. Humsikii huyu anavyokusifu? Mimi nikikuandika wewe, leo hii atakula vizuri. Watasema kijiji kilijiibia, mhalifu kakiri, jalada limefungwa. Toba yako watajifunika kama blanketi. Juni ijayo Deodati atapeleka fomu kwa mama mwingine anayesali!"

"Lakini nimekosa, mwanangu."

"Umekosa! Nani kasema hukukosa? Umeniulia mtoto kwa kalamu. Ila unataka kwenda gerezani kwa ajili yangu, au kwa ajili ya usingizi wako?"

Mama Lugano alilikubali neno hilo moyoni. Kwa kuwa lilikuwa kweli. Kwa wiki sita alikuwa akiitamani adhabu kama mgonjwa anavyotamani maji. Alidhani akikiri mambo yatakuwa yamekwisha. Sasa akaona kwamba kukiri kwake kungemaliza mambo ya Ngolwe kwanza. Akiungama, anawafichia wezi. Asipoungama, yeye ni nani mbele za Mungu? Akabaki amepiga magoti, si wa kuinuka si wa kulala.

"Basi niandike mimi," Ngolwe akasema akicheka, "tuone kesi itafika wapi. Itakufa kabla mvua haijaisha."

"Najua itakufa," Sekela akajibu. "Nikimwandika huyu mama, kesi inashinda na wezi wanashinda. Nikikuandika wewe, haki inaandikwa, kesi inakufa, na wenzangu wanakosa paa. Nikimwandika Deodati, wataajiri Deodati mwingine. Nikimwandika Ambakisye, nimemfunga mtu pekee aliyesema bati ni bovu. Na nikiacha wazi, mwanangu hakuuawa na mtu."

Nje, viatu vya bwana wa tume vikasikika kwenye kokoto. Akagonga mlango. "Binti, umeandika? Gari linasubiri."

Sekela akachukua kalamu, akaivuta karatasi karibu.

Sasa ni zamu yenu mliokaa hapa. Ngolwe alikula, akashika kila mlango. Deodati alijua, akabeba fomu. Ambakisye aliona, akapiga msumari. Subilaga aliaminiwa, akasaini, akaomba, akanyamaza, kisha akajitoa aandikwe yeye. Msiniambie wote, mstari ni mmoja. Msiniambie aliye juu zaidi, jina lake hatukupewa. Msiniambie tumwachie Mungu, Mungu ana siku yake na kalamu iko mkononi mwa Sekela leo, na mlango unagongwa. Na kabla hujajibu, kumbuka na wewe Juni uliyowahi kusaini.

Je, ni jina la nani lililostahili kuandikwa pale?